Jumatano ya Mwisho ya Wubbo

Wanamaji wa Uholanzi wana amri chungu nzima zilizoandikwa, na moja isiyoandikwa popote: Jumatano ni wali. Babu zao walikwenda visiwa vya Mashariki ya Mbali bila kualikwa, wakang'ang'ania huko karne na karne, mwishowe wakatolewa. Visiwa wakaviacha, wali wakaondoka nao. Tangu hapo, baharia aliyepotewa na siku katikati ya maji hunusa tu jikoni akajua.

Wubbo Lanting, sajini mpishi wa meli ya kutegua mabomu, alikuwa amepika wali wa Jumatano miaka thelathini na moja. Ijumaa angestaafu. Kwa hiyo Jumatano hii, meli ikiwa imefungwa gatini katika bandari ya Den Helder, ndiyo ilikuwa yake ya mwisho, na hakutaka zawadi nyingine. Si saa ya ukutani, si hotuba.

Jumatatu likashuka neno. Admirali atakuja kula Jumatano. Kamanda mpya, Hiske Bouwmeester, akaamuru samaki wa siagi na viazi, meli nzima. Mgeni wa heshima, alisema, halishwi chakula cha mabaharia.

Sasa, sajini hapandi tu ngazi kwenda kubishana na kamanda. Wubbo alimwambia mkuu wa stoo, mkuu wa stoo akamwambia luteni wa ugavi, luteni akamwambia naibu kamanda, naibu akaenda kukohoa mlangoni kwa kamanda. Ombi lilipanda kutwa nzima. Jibu lilishuka kwa dakika tatu: samaki.

"Basi samaki," akasema Wubbo, akaenda kuchagua viazi.

Jumatano asubuhi msaidizi wake, Koplo Sietske, akafungua friji. "Mzee, hii nyama iliyolowekwa ni ya nani?"

"Jana si ilikuwa Jumanne? Mikono imeiloweka yenyewe, mazoea."

"Na karanga nazo zimejikaanga?"

"Hizo hazina nidhamu."

"Na sufuria zima la wali uliopoa?"

"Wewe koplo au polisi? Funga friji."

Mchana Wubbo mwenyewe akapeleka chakula mezani. Admirali, mzee mwembamba kama mlingoti, akafunua sahani. Akamtazama samaki, samaki akamtazama.

"Kamanda, leo siku gani?"

"Jumatano, afande."

"Nilidhani nimekosea. Siku hii niliichagua makusudi. Tangu asubuhi sijatia kitu tumboni, nautunzia nafasi wali wa Jumatano! Nani kaniletea viazi?"

Shingo ya kamanda ikaiva. Wubbo alisimama na bakuli lake. Neno moja tu lingetosha, na safari hii halikuhitaji kupanda ngazi yoyote. Akaangalia mkono wa Hiske ukiminya kitambaa cha meza. Mwezi mmoja tu melini, mtoto wa watu.

"Kosa la jikoni, afande," akasema. "Wali umechelewa. Huyo samaki ni wa kuzugia tumbo. Nipe nusu saa."

"Mpishi anachelewesha wali wa Jumatano! Una miaka mingapi kazini?"

"Thelathini na moja."

"Na bado hujajua kazi."

"Ndiyo maana Ijumaa naondoka, afande, kabla sijawaua kwa njaa."

Admirali akacheka mpaka akakohoa.

Jikoni nyama ilikuwa tayari inalia motoni pale kamanda alipoingia na kuvua koti lake lenye mistari ya dhahabu.

"Sajini, ile nyama haikulowekwa leo."

"Vitunguu viko pale, afande. Kisu kikali, angalia vidole."

Akashika kisu, akakata. Sietske akamgusa Wubbo kiwiko. "Mzee, kamanda analia."

"Vitunguu hivyo," akasema Hiske upesi.

"Vikali kweli," akaitikia Wubbo, akijifuta macho kwa mkono wa shati, ingawa yeye alikuwa upande wa pili kabisa, akikaanga ndizi.