Vitufe Kumi kwa Mkono Mmoja

Wiki tatu nzima Fundi alihangaika na habari ya kinanda, utadhani anamtafutia mwanawe mchumba.

Fundi ndivyo alivyoitwa na kila mtu, maana alikuwa mshonaji wa sare za shule na magauni ya harusi, na chumba chake cha kazi kilikuwa mlango wa tatu baada ya duka la vioo. Hiyo ni Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi alipiga kinanda, na mdogo wake wa tumbo moja akaimba. Mdogo mtu walimpachika jina la Chiriku tangu utotoni kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi, na jina likaganda. Harusi, mahafali, sherehe za kuwaaga wastaafu, kote walikwenda wawili tu, miaka kumi na miwili, na nyimbo zote alizitunga Fundi. Kinanda chao kilikuwa cha zamani, kizito kama kabati, na kilikuwa kimeshaumaliza mgongo wa watu.

Wazo lilikuwa la Chiriku. "Dada, siku hizi kuna vinanda vidogo visivyo na waya, vinaunganishwa na tableti. Unatia kwenye begi, unaondoka zako. Nitanunua mimi. Wewe chagua tu, maana mimi nikiuziwa ubao wa kukatia vitunguu nitashukuru na kuondoka nao."

Fundi alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Tusifichane, alifurahi mno. Miaka yote hiyo Chiriku hakuwahi kununua hata kipande cha waya, leo anamnunulia dada yake kinanda. Wewe ungefikiria nini? Ungefikiria umependwa. Na yeye alifikiria hivyo hivyo, maskini wa watu.

Basi akaanza. Akawa anatazama video za vinanda huku anapiga pasi, mpaka kola mbili za sare zikaungua. Alichotaka alikiandika nyuma ya karatasi ya kukatia vipimo. Kwanza, chaji idumu sherehe nzima, pamoja na hotuba za wajomba. Pili, sauti isichelewe, maana kuna vile vya blututhi ambavyo unabonyeza sasa hivi, sauti inakuja ikijikokota kama mtu aliyeitwa kuosha vyombo. Tatu, vitufe viwe na upana kamili, si vile vya kuchezea watoto.

Hilo la tatu lilikuwa na sababu yake. Zamani, sindano ya cherehani ilipita katikati ya kidole chake cha pete, mkono wa kushoto, na tangu siku hiyo kidole hakikunyooka tena sawasawa. Mkono ule ukitanuliwa, kutoka kidole cha mwisho hadi gumba, ulifika vitufe vinane vyeupe. Cha tisa haukukigusa hata siku moja. Ndiyo maana besi za nyimbo zao zote zilikuwa za kubanana, na watu walidhani ni mtindo.

Dukani walikwenda pamoja. Muuzaji, mzee mmoja aliyeweka miwani kwenye paji la uso, aliwatolea vitatu mezani. Cha kwanza kilikuwa na vitufe ishirini na tano, vidogo kama meno ya maziwa. Fundi alikirudisha bila kukiwasha. Cha pili kilipendeza, lakini alipokiunganisha na tableti yake na kupiga haraka, sauti ikabaki nyuma. Cha tatu kilikuwa na vitufe thelathini na saba, vipana, na uzito wake haukufika wa jora la kitambaa cha bitana. Alikipiga kwa robo saa. Alikizima akakiwasha, akakigeuza akakagua hata skrubu za chini.

"Mtu mwenye mikono mikubwa naye kinamfaa?" Chiriku akauliza.

"Mikono mikubwa ya nani tena?" Fundi alisema. "Kinamfaa yeyote."

"Na kinaingia kwenye begi la kupanda nalo ndege?"

"Ndege ya kutupeleka wapi, ukumbi wa manispaa?"

Chiriku alicheka kidogo tu, akainamia simu yake.

"Lakini tuelewane, mama," muuzaji akamwambia Fundi. "Hiki ni cha midi. Chenyewe hakina sauti hata chembe. Sauti iko ndani ya tableti. Ukibonyeza bila tableti utasikia plastiki. Na usiiweke mbali, isizidi mita kumi hivi, kuta zikizidi ndiyo inakatika."

"Umesikia, Chiriku?"

"Nimesikia, nimesikia," Chiriku alijibu, macho kwenye simu.

Wakakichukua cha tatu. Chiriku akasema atakaa nacho kwake ili akichaji, na akaomba tableti kwa siku mbili ili ajikumbushe maneno ya nyimbo. Fundi akampa. Toka lini mtu akamnyima mdogo wake tableti?

Ijumaa tableti ikarudi, na Jumamosi asubuhi, kabla hajafungua dirisha la chumba cha kazi, Fundi akaiwasha. Sasa, Fundi alikuwa na kawaida yake moja. Nyimbo zilikuwa zikimjia mikono ikiwa kwenye kitambaa, na nyingi zilimpotea kabla hajaziandika. Kwa hiyo aliipanga ile programu ya muziki irekodi kila kinachopigwa, kuanzia kitufe cha kwanza, bila kuambiwa. Chiriku hakujua. Yeye ni mwimbaji, tableti aliijua kwa kusoma maneno tu.

Palikuwa na rekodi mpya, ya Alhamisi mchana, dakika arobaini. Fundi akatabasamu. Akajua mdogo wake amejaribu kupiga, na jinsi asivyojua, itakuwa kichekesho. Akabonyeza asikilize.

Ulikuwa wimbo wao wa kuwaaga maharusi, na ulipigwa vizuri. Ulipigwa vizuri kumshinda yeye, na hilo lilimuuma kabla hajalielewa. Programu ile huchora kila sauti kama mstari, kwa hiyo aliona kwa macho kilichopigwa. Chini kabisa kulikuwa na mistari miwili iliyoanza pamoja na kuisha pamoja. Akahesabu vitufe vyeupe kutoka mmoja hadi mwingine. Kumi. Akasogeza mbele, akahesabu tena. Kumi, wimbo mzima, kwa mkono mmoja, maana wa kulia ulikuwa juu na kazi yake.

Alitanua mkono wake wa kushoto juu ya futi ya kupimia nguo. Sentimita kumi na tisa. Wa Chiriku ulikuwa mdogo kuliko huo, aliujua, maana yeye Fundi ndiye aliyekuwa akimshonea glavu za maonyesho. Akakumbuka lile swali la dukani la mikono mikubwa, akakaa juu ya sare za watu.

Kwa Chiriku ni ghorofa ya tatu. Alipanda akiwa ameishika tableti hivyo hivyo, rekodi iko wazi. Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Kinanda kilikuwa mezani, na pembeni yake begi jipya lenye magurudumu.

"Huu ni mkono wa nani?" Fundi akauliza, akamwonyesha ile mistari.

Chiriku alitazama. Akalisogeza begi nyuma ya miguu yake.

"Nakuuliza wewe."

"Ni yule mpiga piano wa hotelini. Yule mwenye ndevu. Dada, kaa kwanza nikueleze."

"Eleza nimesimama."

Ikatoka kidogo kidogo. Kulikuwa na mkataba, hoteli kubwa ya nje, mwaka mzima. Wenye hoteli walitazama video zao wakampenda mwimbaji. Mpiga kinanda walisema hapana, wanataka mtu anayesoma nota, tena ambaye mikono yake yote miwili ni mizima. Chiriku na yule mwenye ndevu wanasafiri wiki ijayo.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

Fundi akapiga hesabu. Sasa ulikuwa mwezi wa tano. "Kwa hiyo wiki zote zile nilikuwa namchagulia yeye."

"Yeye hajui vinanda vya aina hii, kazoea piano," Chiriku alisema, machozi yakimlengalenga. "Wewe ndiye unayejua. Ningemwamini nani mwingine, dada?"

Na ubaya ni kwamba alikuwa akisema kweli. Fundi aliona hilo, na ndilo lililomkata maini. Angetukanwa, angejibu. Lakini huyu ambaye yeye ndiye alimshonea sare yake ya kwanza ya shule alikuwa amesimama mbele yake akimsifia, na kinanda alichokichagua kwa ajili ya kidole chake kibovu kikisubiri kupakiwa.

"Nilikuwa nije nikuambie kesho," Chiriku akaongeza. "Na nikuombe tableti. Nyimbo zote zimo humo. Mwaka ukiisha nakurudishia, haki ya Mungu."

Fundi hakutaka kulia ndani ya nyumba ile. Akaibana tableti kwapani, akatoka.

Alikuwa ameshuka ngazi kama saba hivi tableti ilipolia.

Alishtuka, karibu aiangushe. Sauti moja, kisha ya pili. Mistari ikaanza kujichora kwenye kioo. Ikamchukua muda kufahamu kwamba juu kule Chiriku amekiwasha kinanda na anabonyeza, na huku chini ndiko kinakolia. Alipiga kwa kidole kimoja, mwanzo wa wimbo wa kuwaaga maharusi, polepole, kama Fundi alivyomfundisha alipokuwa na miaka sita, amemkalisha mapajani.

Kisha mlango ukafunguka juu. "Dada," Chiriku aliita, na ilikuwa sauti ile ile ya Jumamosi zote, waya ulipochomoka ukumbini naye akageuka kumtafuta nyuma yake. "Dada, hakitoi sauti."

Mguu wa Fundi ulishajigeuza wenyewe kurudi juu. Akauona, akauzuia.

"Nilikuuliza dukani kama umesikia," alisema. "Ukasema umesikia."

Akaendelea kushuka. Chiriku alirudi ndani akabonyeza tena, akizidisha nguvu kama mtu anayeamini tatizo ni kidole. Ghorofa ya pili wimbo ulikuwa bado mzima. Ghorofa ya kwanza ukaanza kurukaruka, sauti moja inafika na mbili hazifiki. Kwenye ngazi ya mwisho kabisa Fundi alisimama, tableti sikioni, na akasubiri pale mpaka ikanyamaza.