Besi Wawili wa Mjimwema

Katika kwaya ya usharika wetu wa Mjimwema, hapa Njombe, benchi la nyuma ni la besi, na lina desturi yake: kila kitu ni cha wote. Pipi ya koo huvunjwa kwa meno, nusu kwa nusu. Mwenye vidonge vya mgongo hugawa. Sijawahi kusikia mtu akiuliza kidonge kinaitwaje.

Mwezi wa tatu Obed alipimwa damu, akaambiwa ina mafuta mengi, akapewa kidonge cha kumeza kila jioni. Baada ya wiki kadhaa mapaja yakaanza kumuuma kama mtu aliyelima viazi kutwa nzima, na jembe hakuwa amelishika. Mashindano ya kwaya Makambako yalikuwa yamebaki wiki nane, na wimbo wetu ulikuwa na mahali pa kuchuchumaa na kuinuka. Jenifa, mwalimu wetu, alikwisha kutangaza kwamba asiyeweza kuinuka atabaki Njombe kulinda kanisa. Obed alikuwa ameimba besi miaka thelathini, na kulinda kanisa hakukumvutia.

Akamnong'oneza Nathanieli, jirani yake wa benchi. Nathanieli akakiri kwamba naye mapaja yamekuwa mazito, ila alikuwa na kidonge kizuri alichopewa hospitali nyingine. Wakagawiana. Kila mmoja akawa anameza chake na kuongeza cha mwenzake. Maumivu yakazidi. Wakasema dawa bado haijakolea.

Kanisani wakaanza ujanja. Wengine walipoketi baada ya sala, wao walibaki wamesimama, macho wamefumba, na watu wakawasifu kwa maombi marefu. Jumapili moja walijisahau wakaketi. Ilipofika baraka, kila mmoja alimsubiri mwenzake ainuke kwanza ili amshike koti. Hakuinuka mtu.

Fidelia, mke wa Obed, aliyaona hayo kutoka upande wa akina mama. Kesho yake alikusanya vidonge vyote, vya kabatini na vya mfukoni, akavifunga kwenye kitambaa, akampeleka mumewe hospitali. Kwenye foleni wakamkuta Nathanieli, aliyesema amekuja kumwona mgonjwa. Fidelia akamuuliza mgonjwa yuko wodi gani. Akakohoa. Wakaingia wote watatu.

Daktari Irine, binti mpole wa Makete, alivipanga vidonge mezani, akasoma nyuma ya kila pakiti, kisha akaweka mbili kando.

"Baba, hii umeitoa wapi?"

"Kwa huyu," Obed akasema.

"Na wewe, baba?"

"Kwa huyu," akasema Nathanieli.

"Ni dawa ile ile, viwanda viwili. Kila mmoja wenu anameza dozi mbili."

Akawaeleza taratibu kwamba dawa ya kupunguza mafuta ina faida kubwa, ila baadhi ya watu huwaumiza misuli, na ikizidi huumiza zaidi. Aliuliza kama mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, wakakana. Ukiwa hivyo, alisema, mtu asingoje kesho. Akawapima damu, akaisimamisha dawa kwa muda, akaahidi kuwaanzishia dozi ndogo baadaye. Wasiache wala wasiongeze kitu bila kumuuliza.

"Baba Sadock," Fidelia akamwambia mumewe, "dawa ya kupulizia viazi unasoma karatasi yake mara mbili. Hii ya kuingia tumboni mwako hukuisoma hata mara moja."



Mapaja yalipona polepole. Siku ya mashindano, wimbo ulipofika pale, kwaya nzima ikashuka. Obed naye akashuka, kwa uangalifu kama anayetua tenga la mayai. Kushuka ni rahisi. Jenifa akainua mkono, tukainuka, naye akainuka kwa miguu yake mwenyewe, nyuma yetu kidogo tu. Nathanieli alikuwa bado chini. Obed aliendelea kuimba bila kukosa neno, akamtazama, akahakikisha watu wote wa Makambako wameona, ndipo akampa mkono.