Mama Watatu na Seva Mpya

Enyi wasomaji watukufu, hii ni habari ya vita vikuu kati ya mitambo miwili: seva inayozaa mchakato mpya, yaani mhudumu mpya, kwa kila mgeni, na seva inayongoja tukio ndipo iinuke. Msimulizi anaapa mbele yenu kutoegemea upande wowote. Vita vyenyewe vilipiganwa sebuleni, asubuhi, na amiri jeshi alikuwa na maziwa yaliyocheuliwa begani.

Jina lake lilizikwa siku aliyojifungua. Mtaa mzima sasa ulimwita Mama Watatu, na watatu wenyewe walikuwa wamelala mbele yake kwenye godoro moja, kompyuta ikiwa juu ya stuli. Alikuwa fundi wa seva ya shule, ile ambayo wazazi huiingia kwa simu kuwaombea watoto wao nafasi. Leo maombi yalikuwa yanafunguliwa. Bosi alishamwambia, kwa upole wa daktari wa meno, kwamba seva ikianguka tena aripoti ofisini kesho, na kazi ya kufanyia nyumbani iwe basi.

Seva ya zamani ilikuwa na adabu za kifalme. Kila mzazi aliyepiga hodi alipewa mhudumu wake peke yake, aliyesimama naye hadi aondoke, hata kama simu ya mzazi ilijikongoja kama kobe. Wageni wakiwa wachache, raha mustarehe. Wakija kwa mamia, wahudumu waliijaza kumbukumbu ya mashine mpaka ikazirai.

Mama Watatu aliyajua hayo mwilini. Mama mkwe alipoamuru kila mtoto awe na mlezi wake, walikuja shangazi wawili kumwongezea nguvu mama, na nyumba ya vyumba viwili ikashindwa kupumua. Shangazi mmoja alishinda kutwa amemkodolea macho mtoto aliyelala fofofo. Walipoondoka, mama akajifunza kwenda mwenyewe, masikio wazi: anayelia ndiye anayefuatwa, na chupa ikiwa inapata moto, mwingine anabadilishwa nepi. Seva mpya aliipanga vivyo hivyo. Mhudumu mmoja, hasimami kumngoja mtu, akiitwa, anakwenda.

Milango ilipofunguliwa, wageni wakamiminika kama siafu. Ile ya zamani ingekuwa imeshakata roho. Mpya ilihema kidogo tu, ikaendelea. Bosi akapiga simu, sauti imelainika.

"Naona inakimbia," alisema. "Ila kuna watu wameshika mlango tu, hawatumi kitu. Wakate hao."

"Hao simu zao dhaifu, bosi. Wako njiani."

"Asiyesema hana shida, mama."

Mkono wa Mama Watatu ulikuwa umeshafika kwenye kitufe cha kukata. Akageuza macho godoroni. Wawili walikuwa wamelia, wakanyonya, wakabadilishwa, kisha wakalia tena kwa kuwa mara ya kwanza ililipa. Wa tatu, waliyempachika jina la Jaji kwa utulivu wake, alikuwa macho, ananyonya ngumi. Nepi yake ilikuwa nzito kama sifongo. Hakuwa amelia tangu alfajiri, na kwa kuwa hakulia, hakufuatwa.



"Bosi," alisema, tayari amemnyanyua Jaji, "kwenye hii mpya, kumngoja mtu aliyenyamaza karibu hakugharimu kitu. Ndiyo maana niliitaka. Siwakati. Nawaongezea muda."

 Mmoja wa godoroni akaangua kilio, pacha wake akamwitikia.

"Haya," bosi alisema. "Na kesho usije hapa. Utakuja na hao, sisi tutafanya kazi saa ngapi?"

Alipokwisha kumbadilisha, alimweka Jaji kifuani, akawaacha wenye kelele wangoje zamu yao kwa mara ya kwanza maishani. Kwenye kioo cha kompyuta, wale walioshika mlango walianza kuingia, mmoja baada ya mwingine, polepole.

Msimulizi aliapa kutoegemea upande. Amekamatwa. Nakiri: tangu mwanzo nilikuwa upande wa Jaji, na hata sasa macho yangu yako kwenye ile ngumi yake, inayofunguka kidole kwa kidole juu ya bega lenye maziwa.