Protini Iliyochemshwa

Branice alishindwa mara nne. Kazi yake katika maabara moja ndogo mjini Voi ilikuwa kutengeneza protini ya ubongo wa binadamu, ile ambayo kwa wagonjwa wa Parkinson, maradhi ya kutetemeka, hushikana mabonge na kuua seli. Jeni yake alikuwa ameipandikiza ndani ya bakteria, nao waliitengeneza vizuri tu. Tatizo lilikuwa kuitoa ikiwa safi.

"Tuichemshe," mwenzake Kasyoki alimwambia Jumatatu.

"Si tutaiharibu?"

"Nimesoma kwamba hii huvumilia moto. Zile nyingine za bakteria ndizo zitaganda kama yai."

Branice hakuamini, lakini alikuwa amechoka kushindwa. Wakachemsha maji yaliyotoka ndani ya bakteria. Maji yakageuka meupe, mazito. Wakayazungusha kwenye mashine mpaka uchafu ukatuama chini, wakachukua yale ya juu, wakayasafisha na kuyapima.

Majibu yalitoka Alhamisi, siku ambayo baba yake Branice, Mzee Oluoch, alikuja hospitali kuchukua dawa. Alikuwa mfanyakazi wa reli mstaafu, na mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka mwaka wa tatu sasa. Alipitia maabara ili warudi nyumbani pamoja. Branice akamtolea mbio picha ya vipimo.

"Nione nini hapa?"

"Huo mstari wa buluu, baba. Uko peke yake! Kila mstari ni protini moja, na awali ilikuwa mistari kumi."

"Na yenyewe iko wapi?"

Akamletea kichupa kilichofungwa. Ndani mlikuwa na kitu kama maji matupu.

"Ndiyo hii inayonisumbua mimi?"

"Inafanana nayo kabisa. Tutatazama inavyoanza kushikana, halafu tujaribu dawa za kuizuia."

"Itaniponya?"

Branice alitamani kusema ndiyo. "Hapana, baba. Ni ya utafiti tu. Itachukua miaka."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, akanyoosha mkono. Branice akampa kichupa. Maji yakaanza kuchezacheza ndani.

"Kila siku hunitikisa," mzee akasema. "Leo mimi ndiye ninayeitikisa."

"Mzee, ukiitikisa sana itashikana!" Kasyoki akapiga kelele, akakimbilia kukipokea. Wote watatu wakacheka mpaka mzee akakaa chini.

Kasyoki akaipeleka kwenye friza. Branice akavua koti lake jeupe, akamshika baba mkono, wakaenda polepole kupitia sokoni. Kila aliyewasalimu, mzee alimsimamisha akamwambia kwamba binti yake amepata mstari mmoja.