Antonio Chini ya Nyasi Mpya

Jamani, Lindinalva alifika bustani ya mji akakuta kijani kitupu! Juzi tu pale palikuwa na majivu ya mioto ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, na nyasi zilizosagwa na watu waliocheza muziki wa akodioni mwezi mzima wa Juni. Sasa mafundi wa manispaa wametandika mikeka mipya ya nyasi, yote sawasawa, kama shuka iliyopigwa pasi.

Na Antonio wake yuko chini.

Kule Pernambuco kila msichana anajua: ukitaka mume, unamchukua Mtakatifu Antonio, sanamu ya udongo, unampokonya mtoto aliyempakata, unamfukia kichwa chini. Akileta mume, unamfukua haraka na kumrudishia mtoto wake. Ukimsahau, anakunyang'anya mume aliyekuletea. Lindinalva anaishi ghorofani, hana hata kauwanja, akamfukia bustanini kando ya moto mkubwa. Josivan akatokea! Harusi Jumamosi. Ila alama yake ilikuwa moto ule, na majivu yameshazolewa.

"Mzee Erivaldo, nifunulie hapa kidogo tu," alimbembeleza msimamizi wa mafundi.

"Wee binti, nyasi hazijashika mizizi! Umeangusha pete?"

"Antonio."

Mzee alicheka mpaka kofia ikadondoka. "Haya, mkeka mmoja tu. Gari la maji linakuja."

Akaukunja. Lindinalva akachimba kwa vidole, akagusa miguu ya udongo, akavuta. "Huyu hapa!" Mara akagusa miguu mingine. Na mingine tena. Watano! Wote kichwa chini, wote mikono mitupu, wote sura moja, wa kibanda kimoja cha sokoni.

"Mungu wangu," Erivaldo akasema, "hii bustani au makaburi?"

Lindinalva akatoa mtoto wa udongo kwenye sidiria. Akamjaribisha kwa wa kwanza: akakaa. Wa pili: akakaa. Wa tatu, yaleyale!

"Wageuze wote wasimame wima," fundi mmoja akapayuka.

"Na wasichana wenzangu waliowafukia je? Antonio akisimama kabla hajaleta mtu, si ndiyo kazi imeisha?"

"Basi chukua mmoja."

"Nikichukua wa mwenzangu, wangu si atabaki kichwa chini, amekasirika?"

Erivaldo akajikuna kidevu. "Halafu mwanangu, una uhakika Josivan kaletwa na wako? Pengine na hawa wanne waliombwa Josivan huyohuyo."

"Mzee!"

"Nauliza tu."

Honi ya gari la maji ikalia. Lindinalva akafumba macho, akamshika mmoja, akampa mtoto. Akambusu na udongo wake.

"Hawa wengine?" Erivaldo akauliza.

"Kichwa chini. Wenzangu bado wanasubiri."

Mkeka ukarudishwa, ukakanyagwa vizuri. Hajafika hata barabarani, simu ikalia. Josivan! Akaipokea upesi.

"Josi, wewe ni wangu?"

"Swali gani hilo? Niko dukani najaribu viatu."

"Viatu vya nini?"

"Vya harusi, mwanamke! Umepigwa jua?"

Lindinalva akamtazama Antonio mkononi, akageuka kutazama nyasi, zikirushiwa maji kote. Asijue amshukuru nani, huyu aliyemshika au mmoja wa wale wanne. Akawashukuru wote, kimoyomoyo, huku Josivan akiuliza kama bado yupo hewani.