Siku Cherehani Yangu Iliponyamaza

Daktari aliponiambia nijifunze kutulia, nilimuuliza kama ananiona mimi maji ya mtungi. Hakucheka. Alinivua kile kitambaa cha kupimia presha, akaniambia wazi kwamba dawa peke yake hazitanitosha. Ule mkono wa kushoto uliokufa ganzi nikiwa nashona, mpaka nikazimia, ulikuwa onyo. Onyo la pili, akasema, huwa halipigi hodi.

Hapo mzaha ukaniishia. Dada yangu mkubwa, fundi nguo kama mimi, alianza vivyo hivyo na mkono. Akasema ni uchovu tu, ngoja amalizie sare za shule. Walimkuta ameinamia mashine, sindano bado imezama kwenye kitambaa. Alikuwa na umri huu nilio nao sasa. Kwa hiyo msinione mkali mkadhani siogopi. Naogopa sana, na nikiogopa ndiyo nazidi kuwa mkali.

Muuguzi wa pale kliniki, mama mmoja mwenye sauti ya kubembeleza, alinikalisha kwenye chumba cha mizani akanifundisha. Kaa wima, legeza mabega, fumba macho. Ifuate pumzi ikiingia puani, ifuate ikitoka. Akili ikitoroka, irudishe taratibu bila kuigombeza.

"Bila kuigombeza?" nikamuuliza. "Mimi nagombeza hata uzi ukikatika."

"Ndiyo maana uko hapa, dada yangu. Robo saa tu kila siku. Mtu akikuita, usiitike. Hiyo robo saa ni yako."

Ni yako. Tangu nimzike mume wangu sikuwahi kusikia mtu akisema kitu fulani ni changu. Changu ni kuitwa tu.

Nikaenda nyumbani nimejaa matumaini, kumbe sijui kinachonisubiri. Asubuhi nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikafumba macho. Pumzi ya kwanza iliingia vizuri. Ya pili ikaja na zipu ya gauni la mwalimu. Ya tatu ikaja na suti ya bwana mmoja niliyoikata mikono mifupi, nikaanza kuwaza nimdanganyeje. Kabla sijairudisha akili, pazia likafunuliwa. Wifi yangu huyo, dada wa marehemu mume wangu. Naishi naye. Yeye anafua nguo za watu, mimi nashona, na midomo yetu haijawahi kupumzika hata tukiwa tumelala.

"Umelala?" akauliza.

"Nimetulia."

"Saa hizi? Na nguo za watu anatulia nazo nani?"

Siku ya pili nikajifungia bafuni. Bafu letu ni la wapangaji wote, kwa hiyo nilitulia mpaka mtu akauliza humu kuna mtu au mlango umekwama. Siku nyingine nikafumba macho palepale kwenye kiti cha kazi. Akaingia mteja, akasimama mbele yangu, akasema, "Fundi, najua unanisikia. Nataka kupunguza kiuno tu." Kupunguza kiuno tu. Hakuna kitu duniani kinachoitwa kupunguza kiuno tu.

Jioni wifi akanipa ya kwake. "Mtu kukaa bila kazi, macho kafumba, mzima wa afya, hilo jambo lina jina. Linaitwa uvivu."

"Mzima wa afya nani?"

"Wewe si unakula?"

Usiku ule nilipiga moyo konde. Niliapa kwamba robo saa yangu nitaipata, wapende wasipende, hata kama ni kuinyang'anya.

Kesho yake nikachagua alasiri, jua linapowaka na wateja kupungua. Katikati ya pindo la sketi nikaondoa mguu kwenye cherehani. Nikafunga mlango wa kiwanda changu, maana nakiita kiwanda ingawa ni chumba cha mbele tu, nikatia komeo. Nikakaa wima, nikalegeza mabega, nikafumba macho.

Kosa nililifanya hapo, na sikuliona. Nyumba zetu zimeshikana, ukuta mmoja tunautumia watu wawili. Cherehani yangu ni ya zamani na inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Mtaa mzima umeizoea. Kinyozi wa mlango wa pili anasema mkono wake unaifuata wenyewe. Mama Pacha wa ng'ambo ya uchochoro huwalaza watoto wake kwa mlio wake. Sasa mashine hiyo, mchana wa siku ya kazi, ilikuwa haijawahi kunyamaza ila kwa msiba: alipofariki mume wangu, na alipofariki mama mkwe. Hata siku niliyozimia walinimwagia maji, nikakaa kidogo, nikamalizia kola. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyejua kwamba cherehani ile inaweza kunyamaza na mwenyewe yu hai.

Mimi huko ndani mambo yalikuwa yananinyookea. Kwa mara ya kwanza pumzi iliingia ikatoka, ikaingia ikatoka, na hakuna zipu iliyokuja nayo. Mabega yalishuka. Nikagundua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nimeyabeba juu karibu na masikio, sijui nilikuwa namkinga nani.

Mlango ukagongwa. Usiitike, muuguzi alisema. Sikuitika.

Simu yangu ikaita juu ya meza. Nikaiacha ilie.

"Simu inaita ndani," nikasikia sauti ya wifi, "na yeye hapokei." Kisha kivuli kikapita dirishani, akachungulia. Aliniona nimekaa kitini, kichwa nimekiinamisha kidogo, mikono mapajani, sitikisiki. Akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kutoka kwake, hata kwa kaka yake hakulia hivyo.

Watu wakaja mbio. Kwa masikio tu nilimjua kila mmoja. Kinyozi akatangaza kwamba nimeshakuwa baridi, na yeye yuko nje ya mlango. Mama Pacha akasema asubuhi aliniona nimepauka. Mwalimu, Mungu amsamehe, akauliza kwa sauti ya chini gauni lake liko upande gani wa chumba.

Ningeweza kuinuka. Ningekohoa tu, mambo yangeisha. Lakini nilishikwa na ukaidi, tena ukaidi mtamu. Nikajiambia, robo saa haijaisha, siinuki. Mimi nikiwa hai hamnipi nafasi. Basi nipeni nikiwa maiti, mradi nimalize. Nikarudi kwenye pumzi yangu, na kusema kweli ilikuwa inapita vizuri sana.

Ndipo wifi akaanza kunisifia. Yule yule aliyeniita mvivu jana, sasa anasema nilikuwa sina baya. Anasema nilimlea mama yake kama mama yangu. Nikaanza kucheka kimoyomoyo. Kisha akasema, na sauti ikamkatikia njiani:

"Maskini wifi yangu. Hakupumzika hata siku moja. Tulikuwa tunamwona. Tulimwona kila siku, hakupumzika."

"Tulimwona," Mama Pacha akaitikia.

"Kweli kabisa," akasema kinyozi. "Leteni nyundo tuvunje mlango."

Kicheko kilinikauka. Kumbe walijua. Nilidhani hawaoni, nikawa nawasamehe kwa hilo, maana asiyeona hana kosa. Kumbe wanaona, wanajua, na maneno wanayo tayari mdomoni, wanangoja tu nife wayatoe. Machozi yalinitoka nikiwa nimefumba macho vilevile, na hasira ikanipanda hata mkono wa kushoto nikausikia. Nikainuka. Nikafungua komeo.

Walirudi nyuma wote kwa pamoja. Kinyozi aliangusha nyundo, nusura imponde kidole cha mguu. Wifi alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akanishika shavu, akaona ni la moto. Halafu akawaka.

"Wewe una akili kweli? Kifo kinachezewa? Lisemwalo lipo, kama halipo linakuja."

"Linakuja, wifi," nikamwambia. "Daktari kashaniambia linakuja. Lilimkuta dada yangu, na mimi limeshanigusa mkono. Natafuta robo saa ya kulizuia, mnanifuata mpaka bafuni."

"Sasa si ungesema?"

"Nilikuuliza mzima wa afya nani. Ukaniambia nakula."

Watu walianza kutazama viatu vyao. Mwalimu akataka kusema kitu, nikamtangulia.

"Nimewasikia wote. Mmesema sina baya, ahsanteni. Mmesema sikupumzika hata siku moja na mlikuwa mnaniona. Maneno mazuri sana hayo, lakini maiti hana matumizi nayo. Mmeacha kazi zenu mje kukaa na mimi nikiwa nimekufa. Haya, niko hai. Kaeni kimya na mimi hivyohivyo. Asiyeweza aende, na msiba wangu wa kweli ukija asije kuniambia sina baya."

Kinyozi alisema ana mteja amenyolewa upande mmoja, akaenda zake. Mama Pacha akawasikia watoto wameamka, naye akaondoka. Mwalimu alininunia, na mpaka leo sijui kama amesamehe. Sikuwarudisha. Nilirudi kitini, mlango nimeuacha wazi, nikasema robo saa yangu imevunjwa kwa hiyo naianza upya, nikafumba macho mbele ya mtaa mzima.

Nikasikia kiti cha wateja kikivutwa. Wifi akaketi, akapumua kwa nguvu kama mtu aliyetua ndoo.

"Sasa huko kunafanywa nini?" akanong'ona.

"Hakuna kinachofanywa."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa."

Akajaribu kufumba macho, akayafumbua. "Mimi sijui kukaa hivyo," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona aibu. "Tangu nilipokuwa mdogo sijawahi."

"Hata mimi sijui. Najifunza. Legeza mabega."

Aliyalegeza, nikasikia mifupa yake ikilia. Tukakaa. Pumzi yake ilikuwa fupi na ya haraka mwanzoni, kisha ikaanza kunifuata. Nje hatua zikaja zikasimama kizingitini, za mtu aliyebeba mfuko wa nguo.

"Hodi. Fundi yupo?"

Wifi alinyanyuka nusu, kwa mazoea. Nikamshika mkono, nikamkalisha.

"Yupo," nikajibu mwenyewe, macho nimefumba. "Msubiri."