Kata kwa Nane

Marehemu seremala alikuwa na kichaa chake kimoja: kila kitu alikipima kwa sehemu za kumi na sita, kama zilivyochorwa kwenye futi yake ya inchi. Nusu kwake ilikuwa nane ya kumi na sita, na ukimbishia anakutimua karakanani. Hata wosia aliuandika hivyo hivyo. Mtoto wa kwanza, seremala mwenzake, alimwandikia 8/16 ya karakana. Alipofika kwa kitinda mimba, mwenye bucha, mkono wa mgonjwa ulishachoka, akaandika 1/2 tu. Binti wa kati, mwalimu wa hesabu, aliachiwa nyumba ya nyuma, naye aliridhika.

Asubuhi ile kaka mtu alikuwa akipiga randa na mwalimu akifagia maranda pale karakanani, kitinda mimba akaingia na karatasi mkono mmoja, panga la kuvunjia mifupa mkono wa pili.

"Kaka kapewa nane, mimi moja! Moja! Kwani mimi niliokotwa?"

Neno moja tu la kaka mtu lingemaliza yote. Lakini wapi! Kichwa maji yule tangu utotoni hajui utani unaishia wapi. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Nane ni nane, bwana mdogo. Wewe na moja yako nenda kaoshe utumbo."

Loo! Alipigwa kichwa cha pua, damu ikamwagika kifuani. Akajibu kwa nyundo ya mti, akampasua mwenzake nyusi. Wakaangushana juu ya mbao, wakang'atana kama hawakunyonya ziwa moja. Mwalimu alijitia katikati, akatupwa ukutani. Mwenye bucha, kwa nguvu za kubeba mapaja ya ng'ombe, akamlaza kaka yake juu ya meza ya kazi, akaubana mkono wake wa kulia kwenye jiliwa, akakaza mpini, akainua panga. Kaka mtu sasa alikuwa akilia kwa sauti.

"Nane zako nazipunguza leo!"

 Mwalimu aliokota chaki ya seremala, akaandika 8/16 ukutani, akapiga kelele kama anavyopigia darasa la watoto sitini. Miaka kumi na moja alikuwa akifundisha kurahisisha sehemu, na neno lake lilikuwa moja.

"Mdogo wangu, tazama hapa! Ni sawasawa! Kata! Kata kwa nane, juu na chini! Kata!"

Mdogo wake hakutazama ukuta. Alilolisikia ni lile neno, akateremsha panga.

Alipoinua macho, dada yake alikuwa ameshamaliza kuandika. Moja juu, mbili chini.

"Kumbe nusu?" akauliza. Halafu akavua aproni, akaanza kukifunga kigutu, huku analia, "Kaka, kaka yangu, nisamehe kaka."

Kaka mtu alipona, ila useremala ndio ulikwisha siku hiyo. Kituoni, askari alimsomea mwalimu maelezo ya mtuhumiwa: dada ndiye aliyeniambia nikate.

Mwalimu akaanza kueleza kuhusu namba ya juu na namba ya chini, zote unazigawa kwa nane. Askari alimsikiliza kidogo, akachoka.

"Mwalimu, mimi hesabu zilinishinda zamani. Ulisema kata, au hukusema?"



"Nilisema."

Askari akaandika.